Kindu, Ambako Moja Ni Jina la Mtu

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe ukingoni mwa mto Lualaba, mabishano juu ya bei ya kuku yaligeuka mauaji. Watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, walifyatua risasi katikati ya umati ambao wengi wao walikuwa wanawake. Waliokimbilia mitumbwi walijazana humo hadi mitumbwi ikazama. Wengine walijitosa mtoni wakachukuliwa na maji. Mzungu mmoja, David Livingstone, alikuwepo. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo aliyoyaona aliyaandika kwa maji ya matunda ya mmea wa hapohapo, juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London. Wafanyabiashara hao wa Kiarabu wenyewe, aliandika, walikadiria waliokufa kuwa kati ya watu 330 na 400.

Nyangwe iko katika Maniema ya leo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa mji wa Kindu, kwenye mto uleule. Henry Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka huo, ndiye aliyebeba habari ile kuelekea London, nayo ikawa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma serikali ya Uingereza kumbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873. Sehemu hiyo ya kisa inajulikana. Isiyosimuliwa sana ni safari ya maandishi yenyewe. Livingstone alinakili shajara yake katika daftari safi, akibadili hapa na pale. Alipofariki, rafiki yake Horace Waller akaihariri tena na kuichapisha mwaka 1874. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitoa matokeo ya kazi ya kuyasoma upya maandishi yaliyofifia, kwa picha zilizopigwa chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Tofauti zikajitokeza, hasa katika mwenendo wa vibarua wa Livingstone mwenyewe, watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani waliokodiwa Zanzibar. Shajara ya awali inaacha swali wazi kama nao walikuwa na mkono katika ghasia za siku zile. Kitabu kililifunika swali hilo.

Basi mojawapo ya taarifa za kale kabisa za jinai kutoka Maniema kusomwa na ulimwengu ilipita chini ya kalamu mbili kabla ya kufika kwa msomaji. Mtu alikaa akaamua: hili litoke, hili libaki. Uamuzi huohuo unafanywa hadi leo, mara nyingi na karani asiyejua kwamba ameufanya.

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, ina komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa Lualaba, Alunguli iko ng'ambo ya kulia, na kati yao hakuna daraja. Watu huvuka kwa mitumbwi na boti. Jinai ikitokea Alunguli, habari huvuka mto kabla ya faili. Na faili lenyewe, likiwepo, lina njia ndefu. Kwanza shauri hufika kwa mkubwa wa avenyu au wa kata, na mengi huishia hapo kwa faini na kupatana. Yanayovuka hapo humfikia OPJ, ofisa wa polisi ya upelelezi, ambaye huandika peve, yaani maelezo rasmi ya kesi. Kutoka kwake faili huenda parke, kwa mwendesha mashtaka. Mshukiwa akiwa mwanajeshi au polisi, njia inageuka: kesi huenda upande wa mahakama za kijeshi. Wakati huohuo hospitali ina kitabu chake cha waliotibiwa, kanisa lina faili za wanaokuja kulia kwa padri, vyama vya akina mama vina madaftari yao, na Ofisi ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa mwaka 2008, ina hesabu zake ambazo hutangazwa jimbo kwa jimbo.

Kwa hiyo jinai moja inaweza kuandikwa mara nne katika vitabu vinne, na nyingine isiandikwe hata mara moja. Mtu akisema takwimu za jinai za Kindu zitolewe hadharani, wa kwanza kuulizwa ni yeye: za kitabu kipi?

Kitabu cha hospitali kinasema nani aliumia. Cha polisi kinasema nani alilalamika. Cha parke kinasema ni malalamiko gani serikali iliyachukua kwa uzito. Hakuna kati ya hivyo kinachosema ni jinai ngapi zilitokea, ingawa kila kimoja kikichapishwa peke yake kitasomwa hivyo.

Sheria nayo ina pande mbili, na zote mbili zimo ndani ya katiba moja. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Cha 17 kinasema mshitakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapotamka vingine. Miezi mitano baada ya katiba hiyo, tarehe 20 Julai 2006, zikatoka sheria mbili juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia, Na. 06/018 na Na. 06/019, na ya pili inamtaka mwendesha mashtaka na hakimu walinde usalama, heshima na siri ya mhanga. Machi 2023 ikaja Kanuni ya Dijitali yenye masharti juu ya data za watu binafsi. Karani anayeandaa jedwali amesimama katikati ya sheria zote hizo, na mbele yake kuna rejista ya karatasi yenye mistari iliyochorwa kwa rula.

Tufanye mfano, wa kubuni kabisa. Karani huyu ni mwangalifu. Amefuta majina yote, amefuta namba za nyumba, amefuta hata jina la avenyu. Kilichobaki katika mstari mmoja ni hiki: Alunguli, Februari, ubakaji, mhanga wa kike, miaka 13, mshukiwa mwalimu. Kwa macho ya mtu wa Kinshasa, mstari huu hauna mtu ndani yake. Sasa ubandike ukutani pale mitumbwi inapoteremsha mihogo na mafuta ya mawese. Mama muuza samaki anajua ni binti yupi aliacha shule mwezi wa Februari. Mwendesha mtumbwi anajua ni mwalimu gani hajavuka mto tangu wakati huo. Hakuna aliyetaja jina, na jina limeshapatikana. Karani alifuta alichokuwa nacho mkononi. Hakuweza kufuta walichokuwa nacho wasomaji kichwani.

Mjini kwetu, tena, mtu hajulikani kwa jina lake la kitambulisho. Anaitwa Mama Fulani, Baba Fulani, mke wa fundi, yule wa nyumba yenye mwembe. Kufuta jina la kizungu na la ukoo hakumfichi mtu ambaye hakuwa akiitwa hivyo tangu mwanzo.

Watu wa takwimu wana dawa ya zamani kwa tatizo hili. Huweka kiwango cha chini, tuseme 5 au 10, na chumba chochote cha jedwali chenye hesabu iliyo chini ya hapo hakichapishwi, huwekwa nyota. Dawa ni nzuri lakini ina mtego. Endelea na mfano wetu wa kubuni: jumla ya Kindu ni 13, Kasuku 7, Mikelenge 5, Alunguli nyota. Mtoto wa darasa la tatu atatoa na kupata 1. Kwa hiyo ukificha chumba kimoja, inabidi ufiche na cha pili ambacho hakikuwa na tatizo, au ufiche jumla, au uunganishe komini zote tatu ziwe mstari mmoja. Kila ukificha, jedwali linazidi kuwa salama na kuzidi kuwa halina la kusema. Mtu wa Alunguli aliyetaka kujua kama ng'ambo yake polisi wanafanya kazi zaidi kuliko ng'ambo ya pili ndiye anayebaki bila jibu.

Miji mikubwa ya mbali imepitia haya, na ilichoamua ni somo, hata kama si la kunakiliwa. Chicago imeweka hadharani orodha ya jinai zilizoripotiwa tangu mwaka 2001, lakini mahali pa tukio huonyeshwa kwa kipande cha mtaa tu, namba kamili ya nyumba haiko, na siku saba za karibuni kabisa huachwa nje. Uingereza ilipofungua ramani yake ya jinai mapema Februari 2011, tovuti ilielemewa siku ya kwanza kwa wingi wa watu waliotaka kuangalia mtaa wao. Nayo haionyeshi nyumba: tukio husogezwa hadi kwenye nukta ya jirani, na nukta hiyo lazima iwe na anwani nane au zaidi karibu yake, au isiwe na anwani hata moja, kama bustani au maegesho ya magari. New York ilichagua njia ya ajabu zaidi. Ubakaji na makosa ya kijinsia huwekwa kwenye ramani pale kilipo kituo cha polisi cha eneo husika, popote yalipotokea. Mhanga amefichika. Lakini mtu asiyejua kanuni hiyo akiifungua ramani atadhani wabakaji wa New York wamehamia vituo vya polisi.

Anwani nane London ni ghorofa moja. Nyumba nane za avenyu ya Kindu ni watu wanaochota maji pamoja.

Kuna data moja ya jinai ambayo Kongo haijawahi kusita kuitoa: sura za washukiwa. Katika miji mingi nchini, vijana waliokamatwa hupangwa mstari mbele ya waandishi wa habari, miguu mitupu, silaha au mali iliyodaiwa kuibwa ikiwa imewekwa chini mbele yao, na kiongozi akazungumza juu ya kazi nzuri ya polisi. Picha husambaa kwenye simu kabla ya jioni. Miezi minne baadaye mmoja wao akiachiwa kwa kukosa ushahidi, hakuna anayewaita waandishi tena. Kifungu cha 17 cha katiba kimepinduliwa: kinachochapishwa ni tuhuma, na kinachobaki kabatini ni hukumu. Katika nchi ambako umati wenye hasira huweza kumchoma mtu aliyeitwa mwizi, mpangilio huo una uzito zaidi kuliko kosa la mpangilio wa makabati.

Hata hivyo anayedhani kufunga kila kitu ndiko kuwalinda watu, naye aitazame Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa.

Mwishoni mwa mwaka 2005 makaburi matatu ya halaiki yaligunduliwa Kivu Kaskazini, na Umoja wa Mataifa ukaamua kuorodhesha ukatili mkubwa uliofanyika Kongo nzima kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Timu ilifanya kazi nchini kuanzia mwaka 2008 hadi 2009. Iliongea na mashahidi zaidi ya 1,280, ikakusanya hati zaidi ya 1,500, na kubakiza matukio 617, jimbo kwa jimbo, Maniema ikiwemo. Kanuni yao ilikuwa kwamba tukio lisiingie kwa kauli ya chanzo kimoja. Lilihitaji angalau chanzo kingine huru cha kuliunga mkono. Hapo walikabiliwa na uamuzi uleule wa karani wetu, ila kwa kipimo cha nchi. Wakaamua mahali kuandikwa, tarehe kuandikwa, jeshi au kundi linalotuhumiwa kuandikwa. Majina ya watu wanaotuhumiwa, isipokuwa wale ambao tayari walikuwa wanajulikana kwa hukumu au hati za kukamatwa, yakawekwa katika hifadhidata ya siri iliyokabidhiwa kwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Geneva. Sababu ilieleweka: timu ile haikuwa mahakama, na ushahidi wake haukufika kiwango cha kumhukumu mtu. Mashahidi, nao, walikuwa bado wanaishi vijiji vilevile.

Kisha rasimu ikavuja. Gazeti la Le Monde liliandika juu yake mwishoni mwa Agosti 2010, Rwanda, ambayo jeshi lake lilituhumiwa humo, ikatishia kuondoa askari wake katika kikosi cha kulinda amani Darfur, na kwa wiki kadhaa haikujulikana kama ripoti itatoka au itazikwa. Ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, zaidi ya kurasa 500, maneno yakiwa yamelegezwa hapa na pale. Majina yakabaki Geneva. Desemba 2018, daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo, alitumia sehemu ya hotuba yake kuulalamikia ulimwengu kwamba ripoti ile inaoza ndani ya droo. Tangu hapo wanaodai hifadhidata ifunguliwe, au walau itumiwe na mahakama, hawajanyamaza.

Je, timu ya Mapping ilikosea? Kwa maoni ya mwandishi huyu, haikukosea kuficha; kosa lilikuja baadaye. Siri ina maana pale inapokuwa njiani kwenda kwa hakimu. Majina yalifichwa ili mahakama ije iyapime, mahakama haikuja, na siri iliyokusudiwa kuwalinda mashahidi imeishia kuwafaa zaidi watuhumiwa.

Kindu yenyewe ina mfano wa upande wa pili. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa walikamatwa na kuuawa mjini hapa na askari wa Kongo waliowadhania kuwa mamluki wa Kibelgiji. Miili yao iligundulika makaburini Tokolote na kurudishwa Pisa mwaka 1962. Majina yote 13 yamechongwa kwenye mnara, na Italia ina mitaa inayoitwa kwa kumbukumbu ya waliokufa Kindu. Wamaniema waliouawa katika vita vya baadaye, vya 1996 na vya 1998, wengi wao hawana orodha wala jiwe. Kwa wasomaji wengi wa Ulaya, Kindu nzima ni mstari mmoja wa mwaka 1961.

Turudi mezani kwa karani, maana kuna tatizo jingine ambalo haliumizi mtu lakini linaharibu hesabu zote. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Ili mtu aseme Kindu ina wizi mwingi kuliko Kisangani, lazima agawe idadi ya wizi kwa idadi ya watu, na idadi ya watu hana. Ana makadirio yaliyopandishwa mwaka hadi mwaka juu ya hesabu ya zaidi ya miaka 40 iliyopita, kabla ya vita, kabla ya wakimbizi wa vijijini kuingia mjini, hata kabla Maniema haijawa jimbo lenyewe, maana ilimegwa kutoka Kivu mwaka 1988. Makadirio mawili yakitofautiana mara mbili, na kiwango cha jinai kinatofautiana mara mbili, bila mwizi hata mmoja kuongezeka. Mji unaweza kupachikwa sifa ya ujambazi kwa kosa la kugawanya.

Na kuna hofu ya wakubwa. Hesabu ikipanda, nani ataulizwa? Afrika Kusini ilipitia hofu hiyo waziwazi: katikati ya mwaka 2000 waziri wa usalama, Steve Tshwete, alisimamisha utoaji wa takwimu za jinai, kwa hoja kwamba mfumo wa kuzikusanya haukuaminika. Marufuku ikaondolewa mwaka 2001, na leo polisi ya huko hutangaza takwimu kila robo mwaka. Tanzania, ambako Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wamekuwa wakitoa ripoti ya pamoja juu ya hali ya uhalifu, ilibadili Sheria ya Takwimu mwaka 2018 ikafanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazokanusha za serikali. Mwaka 2019 ikalegeza. Uganda hutoa ripoti ya jinai ya polisi kila mwaka, nene, yenye majedwali ya wilaya, na kila inapotoka magazeti ya Kampala hugombania ukurasa wa wilaya mbaya kuliko zote.

Hofu hiyo si ya kipuuzi. Chukua ubakaji. Zahanati ikifunguliwa mjini Kasongo, Maniema, yenye muuguzi anayejua kupokea wahanga kwa staha, idadi ya kesi zinazoandikwa itapanda mwaka huohuo, na kupanda huko ni habari njema. Jedwali haliwezi kulisema hilo peke yake. Linahitaji sentensi moja chini yake, imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, ikieleza kilichobadilika katika kuandika kabla ya kueleza kilichobadilika katika jinai.

Ni nini basi kinachoweza kutolewa Kindu kesho asubuhi bila kumuumiza mtu? Kipo, na ni kingi, na ajabu yake ni kwamba ndicho kinachofichwa kuliko vyote: mwendo wa mafaili. Ni malalamiko mangapi yalifika polisi mwaka huu katika mji mzima? Mangapi yalipelekwa parke? Mangapi yalifika mbele ya hakimu, na mangapi yalihukumiwa? Katika hesabu hizo hakuna mhanga wala mshukiwa anayeweza kutambulika, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kazi ya ofisi.

Hapo ndipo mwananchi angejifunza jambo zito. Sheria Na. 06/019 ilikataza kesi ya ubakaji kuzimwa kwa faini ya kumalizana na serikali, kama inavyoweza kufanyika kwa makosa madogo. Na bado familia hupatana, kwa mbuzi, kwa pesa, kwa ndoa ya kulazimisha, na peve ikakaa. Jedwali linaloonyesha kwamba polisi waliandika kesi kadhaa za ubakaji na parke ikapokea nusu yake lingeuliza swali ambalo hakuna ramani ya nukta nyekundu ingeliuliza: nusu nyingine iko wapi? Msomaji asingehitaji kujua binti ni nani ili kulidai jibu.

Magereza ni hivyohivyo. Hati ya kumweka mtuhumiwa kizuizini kabla ya kesi hudumu siku 15, kisha inaweza kurefushwa mwezi kwa mwezi, na katika magereza mengi ya Kongo wanaosubiri kesi ni wengi kuliko waliohukumiwa. Makala, gereza kuu la Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 palitokea jaribio la kutoroka, na serikali ikatangaza waliokufa kuwa 129, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa. Hesabu ya waliokufa ilitangazwa haraka. Hesabu ya waliokuwa ndani, na ya siku ambazo kila mmoja alikaa bila kumwona hakimu, ingebandikwa kwenye lango kila mwezi ingesomwa na akina mama wanaopeleka chakula magerezani muda mrefu kabla ya usiku ule.

Kipo kitabu kimoja ambacho ugumu wake haujatatuliwa popote, nacho ni cha barabarani, yaani habari za usalama wa njia na vijiji siku kwa siku. Kenya, Januari 2008, baada ya uchaguzi kuzua ghasia, kundi la vijana akiwemo Ory Okolloh walijenga ramani ya Ushahidi, ambako raia walituma ripoti za vurugu kwa simu na kompyuta na kila mmoja akaona zilipo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha New York, kupitia kikundi chake cha utafiti juu ya Kongo, pamoja na Human Rights Watch, wakaanzisha ramani ya usalama ya Kivu: mauaji, mapigano, utekaji nyara, tukio kwa tukio. Ilipoanza ilihesabu Kivu Kaskazini na Kivu Kusini tu. Kundi lenye silaha likivuka kutoka Fizi kuingia Kabambare, upande wa Maniema, lilikuwa limetoka nje ya karatasi, ingawa kwa mkulima wa Kabambare ni watu walewale na bunduki zilezile.

Mfanyabiashara anayetaka kupeleka chumvi na vitenge Salamabila, kwenye dhahabu, habari ya siku saba zilizopita haimsaidii kitu. Anataka ya leo. Lakini jambazi naye ana simu, na orodha inayosema doria ya jeshi ilipita wapi jana inamfaa yeye kwanza. Ripoti yenye jina la kijiji kilichotoa habari inaweza kukigharimu kijiji hicho usiku unaofuata. Redio, kwa muda mrefu, imefanya kazi hii kwa akili zaidi kuliko ramani: Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili pia tangu mwaka 2002, inaweza kusema barabara fulani si salama bila kusema ni nani aliyesema.

Na pale Kindu, wenye pikipiki wanaobeba abiria kuelekea Kasongo wana utaratibu wao usiohitaji jedwali. Anayeingia mjini, vumbi likiwa hadi kwenye nyusi, kabla hajashusha mzigo huzungukwa na wanaosubiri kuondoka. "Njia iko namna gani?" wanamuuliza. Anawatazama usoni mmoja mmoja, aone kama yupo asiyemjua, kisha anajibu.